Picha ya uso iliyojengwa kwa maneno, na kwa nini mara nyingi hutoka giza

Picha ya maandishi ni sura ya mtu iliyojengwa kwa herufi tupu. Ukiwa mbali unaona uso, ukisogea unasoma maneno. Inafaa mahafali, arusi, kumbukumbu ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki, na hapa Uganda mafundi wa kuichapa wamejaa Nasser Road na Nkrumah Road jijini Kampala. Kuitengeneza kunaonekana kazi ya dakika kumi: jaza ukurasa maneno, weka picha juu yake, ibane ionekane ndani ya herufi tu, basi. Hatua kweli ni hizo. Ila anayezifuata bila kujua kinachoendelea hupata matokeo yale yale: uso umemezwa na giza, macho hayapo, na mteja anauliza huyu ni nani. Wanaozama zaidi ni watu wenye ngozi nyeusi, na hao ndio wateja wetu.

Kosa haliko kwenye fonti wala kwenye programu. Liko kwenye mwanga, na likishaeleweka, mengine yote yanakaa mahali pake.

Herufi hazifuniki ukurasa wote

Chukua ukurasa mweusi ulioandikwa maneno meupe. Hata ukiibana mistari, herufi zenyewe zinachukua sehemu tu ya eneo. Kinachobaki ni nafasi: kati ya mstari na mstari, kati ya neno na neno, ndani ya tundu la herufi o. Fonti nene iliyobanwa vizuri hufunika karibu asilimia 35 ya eneo. Jicho likiwa mbali haliwezi kutenganisha herufi na nafasi yake, kwa hiyo linavichanganya na kuona wastani. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo picha ni nyeupe pe, mtazamaji anapokea asilimia 35 tu ya mwanga.

Kompyuta hupima mng'ao kwa namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe. Namba hizo hazipandi sawasawa na mwanga halisi. Zimepindwa ili zifuate jicho linavyoona. Ukipiga hesabu kwa kuzingatia mpindo huo, nyeupe ya 255 iliyopita kwenye herufi za asilimia 35 huonekana kama kijivu cha 160 hivi. Hilo linavumilika. Sasa angalia shavu la mtu mweusi ambalo kwenye picha nzuri kabisa lina 90: likipita kwenye herufi hizo hizo linashuka hadi 56. Kivuli cha kando ya pua kilichokuwa na 45 kinafika 28. Kwenye karatasi, 28 na nyeusi kamili ni kitu kimoja, na 56 imesogea hapo hapo. Pua imepotea, shavu linaifuata.

Linganisha na video za mafunzo, ambazo mara nyingi hutumia picha ya mtu mweupe mwenye shavu la 190. Hilo likishuka linabaki na kama 118, na uso bado unasomeka. Mwalimu wa video hakudanganya. Hakuwahi tu kukutana na tatizo. Ukimfuata hatua kwa hatua ukiwa na picha ya dada yako, utaishia gizani.

Dawa ni mbili, na zinafanya kazi pamoja: ongeza eneo linalofunikwa na herufi, kisha pandisha mng'ao wa picha kabla ya kuibana.

Kwanza pima. Kwenye Photoshop, acha leya (tabaka) ya maneno meupe juu ya weusi peke yake, fungua kidirisha cha "Histogram" kwa mwonekano mpana, usome namba ya "Mean", yaani wastani wa mng'ao. Igawe kwa 255. Ikiwa ni 89, herufi zinafunika asilimia 35. Kwenye GIMP, programu ya picha isiyolipiwa, namba hiyo iko chini ya "Colors", "Info", "Histogram". Ikisoma chini ya 65, yaani asilimia 25, usiendelee. Nenesha fonti, punguza nafasi ya mistari, au nakili leya ya maneno, izungushe digrii chache na kuiweka chini ya ile ya kwanza. Leya mbili za asilimia 35 hazifiki 70, kwa sababu herufi nyingine zinalaliana. Zinafika kama 58. Si haba: nyeupe yako sasa inaonekana kama 199 badala ya 160.

Kisha pandisha mng'ao. Ongeza leya ya "Curves" juu ya picha, yaani mstari wa kupandisha na kushusha mng'ao, uweke nukta mahali pa 90 na kuivuta hadi 150. Hesabu inarudi pale pale ulipotaka: 150 ikipita kwenye herufi za asilimia 35 huonekana kama 93. Ncha ya chini kushoto iache ilipo, nyeusi ya nywele na mboni ibaki nyeusi. Ukivuta mstari wote kwenda juu kwa pamoja unapata uso wa majivu usio na umbo. Kwenye kioo cha kompyuta, kabla hujaibana, picha itaonekana imepauka vibaya. Iache hivyo hivyo. Herufi zitaishusha. Lengo hapa si kumfanya mtu awe mweupe, ni kumrudisha kwenye rangi yake baada ya herufi kula mwanga. Njia ya kuhakikisha ni kuweka picha ya awali kando, kurudi nyuma mpaka maneno yayeyuke, na kulinganisha ngozi kwa ngozi. Kama kazi ni nyeusi kuliko picha, ongeza. Kama ni nyeupe kuliko picha, umempaka mtu poda asiyoiomba.

Karatasi nyeupe yenye herufi nyeusi ina tabu ya kinyume. Herufi za asilimia 35 zinaacha asilimia 65 ya mwanga wa karatasi upite, kwa hiyo hata nywele nyeusi tii zinaonekana kijivu cha 210. Uso wote unakuwa kama umefunikwa na shuka. Ili ufikie weusi wa maana unahitaji leya tatu au nne za maneno zilizolaliana kwa pembe tofauti, kila moja ikiwa imefutwa pale pasipohitaji giza. Leya tatu hufunika kama asilimia 73, na hapo nywele zinashuka hadi 142. Ni kazi ndefu, lakini inalipa kwa picha ya mzee mwenye mvi na mikunjo. Kuna njia ya kati tunayoipenda kwa ngozi nyeusi: ukurasa wa kahawia iliyokolea, mng'ao wa 50 hivi, herufi nyangavu zikibeba paji la uso na mashavu, herufi nyeusi zikibeba nywele na vivuli. Ukurasa wenyewe unakuwa rangi ya ngozi, na herufi hazina haja ya kutoka mbali.

Wazo hili la kupima mwanga wa alama si geni. Mwaka 1966, kwenye maabara za Bell huko Marekani, Leon Harmon na Ken Knowlton waliigawa picha vipande vidogo na kukiwekea kila kipande alama yenye wingi wa wino unaolingana na mwanga wake. Hawakujali alama inasema nini. Walijali inafunika kiasi gani.

Picha ya kuanzia

Picha ya maandishi hupoteza mambo madogo yote: kope, vinyweleo, mng'ao wa hereni. Inachobakiza ni umbo la mwanga na kivuli. Basi piga picha yenye mwanga wa upande mmoja, digrii 45 hivi kutoka mbele, na weka shuka jeupe au kadibodi nyeupe upande wa pili ili kivuli kisiwe shimo. Baraza lenye kivuli linatosha, si lazima studio. Jua la saa sita hapa kwetu kwenye mstari wa ikweta liko utosini na hugeuza matundu ya macho kuwa mapango. Piga saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Ngozi nyeusi ina faida moja kubwa ambayo wengi hawaitumii: inang'aa vizuri kwenye paji la uso, daraja la pua, mfupa wa shavu na mdomo wa chini. Ming'ao hiyo ndiyo itakayobeba sura. Usiifute kwa poda kabla ya kupiga.

Uso peke yake uwe na angalau pikseli 2,000 kwenda juu. Picha iliyopita WhatsApp mara mbili tatu imeshabanwa; mwombe mteja aitume kama faili la dokyumenti. Kama ni picha ya zamani ya albamu, iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Na kama si mteja wala wewe mliyeipiga, tafuta ruhusa ya aliyepiga, maana Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 na picha ni kazi inayolindwa.

Mandharinyuma yakate kwa maski, yaani kifuniko kinachoficha bila kufuta, usiyafute. Kwenye ukurasa mweusi, nywele nyeusi na mandhari meusi vitaungana na kichwa kitakatika juu. Acha mstari mwembamba wa mwanga kwenye ukingo wa nywele, hata kama itabidi uuchore kwa brashi laini yenye mng'ao wa 100 na uwazi wa asilimia 30.

Ukubwa wa herufi huamuliwa na jicho

Karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3,508 kwa 4,961. Tengeneza faili la ukubwa huo tangu mwanzo, kwa sababu picha ya maandishi ikikuzwa baadaye kingo za herufi hupoteza ukali.

Uso uliojaa A3 vizuri una urefu wa milimita 250 hivi. Jicho moja hapo lina upana wa kama 35 na uwazi wa 12. Sasa jiulize ni mistari mingapi ya maneno itapita kwenye milimita hizo 12. Ukiandika kwa pointi 12 inapita mitatu, na mistari mitatu haiwezi kuchora jicho, itachora doa. Kipimo chetu ni mistari sita, isipungue. Herufi kubwa za pointi 6, mistari ikiachana kwa pointi 4.8, zinakupa mistari saba. Herufi hizo zina kimo cha milimita 1.5, ambacho jicho zima linakisoma ndani ya mita moja. Kuanzia mita 2 au 3 maneno yanayeyuka na uso unajikusanya. Huo ndio umbali wa mtu anayeingia sebuleni na kuiona picha ukutani.

Si lazima pointi 6 zitawale kote. Nguo, shingo na nywele zinaweza kubeba pointi 10 au 14, paji la uso 8, na macho na midomo yakapata 4 au 5. Tofauti hiyo inafanya jina kubwa lisomeke kutoka mbali huku macho yakibaki hai. Usiruke ghafla kutoka 14 hadi 5 katikati ya shavu, mahali pa ruko patachora mstari usiokuwepo usoni.

Ila angalia wingi. A3 nzima kwa pointi 6 inameza kama herufi 58,000, yaani maneno 8,000 ya Kiswahili au zaidi kidogo. Wimbo wa taifa wa Uganda una beti tatu fupi. Itabidi urudiwe zaidi ya mara mia moja. Kurudia si tatizo. Tatizo ni kurudia kwa urefu ule ule, kwa sababu neno moja linaangukia chini ya mwenzake mstari hadi mstari na unapata michirizi ya mshazari inayokata uso kama kovu. Tuseme unamchora John Akii-Bua, aliyeipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Kurasa zilizojaa "AKII-BUA 47.82 MUNICH 1972" zitachora michirizi haraka kuliko maandishi yoyote, maana kwenye fonti nyingi tarakimu zote zina upana mmoja. Vunja mpangilio: kila marudio matatu manne ingiza neno lenye urefu tofauti, au badili mpangilio wa maneno, au gawa ukurasa kwenye masanduku manne yanayoanza sehemu tofauti za maandishi. Masanduku manne yanaokoa pia kompyuta, kwa sababu Photoshop kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 hukwama sanduku moja likibeba herufi elfu hamsini.

Kupanga maneno ya Kiswahili, Kiluganda na Kiacholi

Chagua zana ya maandishi, buruta sanduku kutoka kona hadi kona, bandika maneno yaliyoondolewa aya zote, kisha kwenye kidirisha cha "Paragraph" chagua "Justify all" ili kila mstari uguse kingo zote mbili. Nafasi ya mistari usiiache "Auto", kwa kuwa hiyo ni asilimia 120 ya fonti na inatupa mwanga bure. Tumia herufi kubwa zote: hazina mikia ya kushuka chini wala shingo za kupanda juu, kwa hiyo mistari inaweza kubanwa hadi asilimia 80 ya ukubwa wa fonti bila kugongana.

Hapa lugha zetu zinadai uangalifu wake. Kiswahili na Kiluganda vina maneno marefu, na neno refu lisipoingia mwisho wa mstari linasukumwa chini, programu inajaza pengo kwa kutanua nafasi. Nafasi hizo zikipangana zinachimba mifereji meusi ya wima. Kuwasha ukataji wa maneno kunasaidia nusu tu, maana programu inakata kwa kanuni za lugha iliyochaguliwa. Ikiwa imebaki Kiingereza utaona "wanaf-unzi". Suluhisho letu ni kuondoa nafasi zote na kuweka nukta ya katikati ya mstari baina ya maneno, kisha kukata mistari popote kwa idadi sawa ya herufi. Kihariri chochote cha maandishi kinaweza kuvunja mstari kila herufi 230. Kwenye picha yenye neno moja tu linalorudiwa, kama jina, haidhuru hata ukikata katikati. Kwenye aya za Biblia au Kurani usifanye hivyo kamwe. Zipange kwa mkono, na usizipeleke mahali zitakapofutwa na maski ya pua au mdomo. Watu watazisoma na kuona neno limepungua.

Jambo jingine ni herufi ŋ. Kiluganda kinaitumia kwenye neno kama eŋŋoma, na Kiacholi na Kilango kinaitumia sana. Fonti nyingi za bure za mapambo hazina herufi hiyo. Programu inaweza kuweka kisanduku tupu, au ikaazima ŋ kutoka fonti nyingine yenye unene tofauti, na hapo unapata madoa yaliyotawanyika usoni ambayo hutajua yametoka wapi. Noto Sans na DejaVu Sans zinayo. Noto Sans ina unene wa ngazi tisa, kuanzia nyembamba kabisa hadi nene kabisa, na hilo ni muhimu kuliko urembo: unaweza kutumia nene kwenye paji la uso na nyembamba kwenye kivuli cha taya, maneno yakabaki ya familia moja.

Kubana picha ndani ya herufi

Weka leya ya maneno meupe juu ya ukurasa mweusi, weka picha juu yake, badili hali ya leya ya picha iwe "Multiply". Nyeupe inapitisha picha, nyeusi inabaki nyeusi. Njia hii inakubali kwenye Photoshop, GIMP na Photopea bila kubadilisha chochote. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari na faili lako linabaki kwenye kompyuta yako, kwa hiyo bando linaliwa wakati wa kuifungua, si wakati wa kupandisha picha. Kwa karatasi nyeupe yenye herufi nyeusi tumia "Screen" badala ya "Multiply".

Kuna wanaoongeza nakala ya picha chini ya maneno, uwazi wa asilimia 15 au 20, ili uso utokeze. Kwa uso mzima hatuikubali: huo tayari ni mkorogo wa picha na maandishi, na ukisogea unaona ngozi badala ya maneno. Kwa mboni na nukta ya mwanga ndani ya jicho, asilimia 10 hadi 15 iliyopakwa kwa brashi ndogo haidhuru, na mara nyingi ndiyo inayomrudishia mtu uhai.

Kupinda maneno yafuate uso

Mistari iliyonyooka inafanya uso uwe bapa kama umechorwa kwenye turubai. Kichujio cha "Displace" husukuma herufi kulingana na ramani ya mwanga, ili maneno yapande puani na kushuka shavuni. Nakili picha kama faili jipya la kijivu, litie ukungu, lihifadhi kama PSD. Rudi kwenye kazi, geuza leya ya maneno kwa "Convert to Smart Object" ili uweze kurekebisha baadaye, kisha "Filter", "Distort", "Displace", uchague faili lile. Kijivu cha 128 hakisukumi kitu. Nyeupe inasukuma upande mmoja, nyeusi upande wa pili.

Namba ndizo zinazowaangusha watu. Kwenye Photoshop, kipimo cha 100 kinasukuma hadi pikseli 128. Video inakwambia weka 10 na ukungu wa 5, kwa kuwa picha yake ina upana wa pikseli 1,000. Kwenye A3 yako ukungu wa 5 ni kama hakuna, kila kinyweleo kitang'ata herufi na kuziacha na meno. Fuata umbali wa mstari hadi mstari: kwa pointi 4.8 ni pikseli 20. Ukungu uwe mara moja hadi mbili ya hapo, yaani 20 hadi 40, na msukumo usizidi mistari miwili. Kipimo cha 15 kinasukuma pikseli 19. Anzia hapo, simama kabla ya 30. GIMP inakuwekea kazi rahisi zaidi, maana kule "Filters", "Map", "Displace" inapokea pikseli moja kwa moja.

Ramani hii inajua mwanga, haijui umbo. Nyusi nyeusi kwake ni shimo, ndevu ni bonde, na meno meupe ni mlima. Ndiyo maana maneno yanavunjika ghafla kwenye nyusi na kinywa. Kabla ya kutia ukungu, paka nyusi, ndevu na mboni kwa kijivu kinacholingana na ngozi iliyo jirani, na shusha meno. Dakika tano za brashi kwenye ramani zinaokoa saa nzima ya kubahatisha vipimo.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji

Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 chenye jicho na sehemu ya shavu, kichapishe kwa ukubwa wake halisi kwenye mashine na karatasi ile ile itakayotumika. Kitundike ukutani, rudi nyuma mita 3. Wino husambaa kidogo kwenye karatasi isiyo na mng'aro na zaidi kwenye kitambaa cha kanvasi, na kwenye ukurasa mweusi kusambaa huko kunakula herufi nyeupe kutoka pembeni. Asilimia 35 yako inaweza kugeuka 28. Ukiona giza, usimlaumu mwenye mashine; rudi kwenye "Curves" uongeze kidogo, au nenesha fonti ngazi moja.

Kama kazi ni nyeusi na nyeupe, igeuze iwe "Grayscale" kabla ya kuihifadhi. Nyeusi iliyotengenezwa kwa wino nne zikilaliana ni nzuri kwenye eneo tupu, lakini wino mmoja ukisogea hata sehemu ndogo ya milimita, herufi nyeupe za pointi 6 zinaziba na kupata kivuli cha rangi.

Bango la flexi ni habari nyingine kabisa. Mita 2 kwa mita 1 kwa nukta 100 kwa inchi ni pikseli 7,874 kwa 3,937, na mashine nyingi za mabango hazina haja ya zaidi ya hapo. Herufi za pointi 6 zitakuwa vumbi. Panda hadi kimo cha milimita 8 hadi 10: anayepita mita 3 anasoma, aliye ng'ambo ya barabara anaona sura.

Peleka PDF au TIFF, si JPEG iliyobanwa, na beba kwenye flashi badala ya kutuma kwa simu. Wewe baki na PSD yenye maneno yanayoweza kuhaririwa. Chapa jina la mtu kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kawaida, mpe mteja alisome na kutia sahihi kabla ya kujaza ukurasa, kwa sababu kosa moja la tahajia kwenye picha hizi linarudiwa mara elfu moja, na ndugu wa kwanza atakayesogea karibu ataliona.